Sista Conjesta Mgaya: Mara Tano Mlangoni pa Chuo

Tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 14 Machi 2026, hapa Kitandililo, ni Conjesta Polikarpo Mgaya, mke wa ndugu Hezekia Mwalongo. Wengi wenu mlimwita Sista, kwa kazi yake ya uuguzi. Familia imempa mdogo wake, Denis, mwalimu wa sekondari mjini Njombe, kazi ya kuandika na kusoma habari za maisha yake. Marehemu mwenyewe aliagiza kwamba zisipambwe.

Alizaliwa tarehe 14 Septemba 1983 katika kijiji cha Mlangali, Wilaya ya Ludewa, ambayo siku hizo ilikuwa bado Mkoa wa Iringa. Alikuwa wa pili kati ya watoto watano wa marehemu mzee Polikarpo Mgaya na mama Hyasinta, wakulima wa mahindi na maharage. Conjesta alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wake Denis alijikata mguu kwa jembe wakati wa palizi. Conjesta alichana sketi yake ya shule, akalifunga jeraha, akambeba mgongoni hadi nyumbani. Jioni alichapwa kwa sababu ya sketi. Mama alipomuuliza kwa nini hakutumia kanga aliyokuwa amejifunga kiunoni, alijibu, "Kanga ilikuwa na udongo, mama."

Alisoma shule ya msingi Mlangali kuanzia mwaka 1991 hadi 1997. Mwaka 1999 alijiunga na sekondari wilayani Ludewa, akamaliza kidato cha nne mwaka 2002. Kwa miaka miwili kati ya hiyo minne darasa lao halikuwa na mwalimu wa Fizikia, na katika mtihani wa mwisho alipata F katika somo hilo. Wakati ule hakuna aliyelijali sana jambo hilo. Baiolojia na Kemia alifaulu, na hizo zilitosha kumwingiza kwenye mafunzo ya cheti cha uuguzi, aliyoyamaliza mwaka 2006.

Tarehe 3 Septemba 2007 aliajiriwa kuwa muuguzi katika kituo cha afya eneo la Makambako, akapangiwa wodi ya wazazi. Hapo ndipo alipofanya kazi hadi mwili ulipomshinda. Mwaka 2012 alirudi shule kwa ruhusa ya kazini, na mwaka 2014 alipata stashahada. Waliofanya kazi naye wanasema alikuwa mkali kwa jambo moja tu: karatasi ya mgonjwa. Aliwaambia wauguzi wageni, "Usiandike presha ambayo hukuipima. Bora uache wazi."

Alifunga ndoa na Hezekia Mwalongo, fundi wa matairi ya malori pale Makambako, tarehe 20 Desemba 2008. Conjesta alikuwa Mkatoliki na Hezekia ni Mlutheri, na wazee wa pande zote mbili walikaa vikao vitatu kabla ya kukubaliana. Walijaliwa watoto watatu, Jasmine, Rodrick na Ema. Hezekia anasema katika miaka kumi na saba hajawahi kumsikia mkewe akiomba kitu kwa ajili yake mwenyewe, isipokuwa kimoja.

Kitu hicho kilianza mwaka 2017. Mwezi wa nne mwaka ule, binti wa miaka kumi na tisa alijifungua salama mikononi mwa Conjesta, kisha akaanza kutokwa damu. Conjesta alifanya yote aliyofundishwa. Gari la wagonjwa lilikuwa limeitwa, barabara ilikuwa na mvua, na binti alifariki kabla halijafika. Jumapili iliyofuata alikwenda Njombe kwa Denis, akakaa jikoni bila kuvua koti.

"Nilijua cha kufanya mpaka hatua ya tano, Deni," alisema. "Ya sita sikuijua. Na yule binti alikuwa ananiangalia mimi."

"Dada, hata daktari angeshindwa."

"Labda. Lakini angeshindwa akiwa anajua."

Tangu siku hiyo alitaka shahada ya uuguzi. Hakuzungumzia cheo wala mshahara. Alitaka hatua ya sita.

Mwaka 2018 aliomba kwa mara ya kwanza. Aliyemsaidia kujaza fomu kwenye kompyuta ni dada Erica, mwenye duka la stesheneri Makambako, ambaye yupo hapa nasi. Hawakufika mbali. Mfumo ulitaka ufaulu wa Fizikia wa kidato cha nne, na ile F ya mwaka 2002 ikawafungia mlango. Erica anakumbuka kwamba Conjesta aliangalia skrini kwa muda mrefu, kisha akauliza kama kuna mahali pa kuandika maelezo. Hapakuwapo.

Basi akajiandikisha kufanya mtihani wa Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kila Jumamosi asiyokuwa zamu alipanda gari hadi Njombe, na Denis alimfundisha mezani kwake, koti mwilini kwa baridi. Alikuwa na miaka thelathini na sita alipokaa kwenye chumba cha mtihani Novemba 2019. Alipoingia, watahiniwa wote walisimama wakamwamkia, "Shikamoo, madam." Aliwaitikia, akawaambia wakae, kisha akaenda kutafuta dawati lenye namba yake. Kicheko kilichosikika kilimfurahisha, akakisimulia mara nyingi.

Matokeo yalikuwa F nyingine.

Hapa Denis ana neno la kuungama mbele yenu. Yeye ndiye aliyemwambia dada yake, "Basi, dada. Umejaribu." Conjesta alifunga daftari akaondoka. Kwa majuma matatu hakupokea simu yake. Jumamosi ya nne aligonga mlango saa tatu asubuhi, akafungua daftari na kusema, "Tulikuwa kwenye nguvu na mwendo." Mwaka 2020 alirudia mtihani tena, akapata D. Wapo watu ambao D kwao ni aibu. Yeye alilia kwa furaha, akampelekea mama Hyasinta karatasi ya matokeo Mlangali ili aishike kwa mikono yake.

Mwaka 2021 aliomba vyuo vitatu, na vyote havikumchagua. Walioomba walikuwa wengi. Mwaka 2022, alipoomba tena, ilionekana kwamba cheti cha kidato cha nne kinasema Conjesta P. Mgaya, na cha stashahada kinasema Conjesta Mwalongo, kana kwamba ni watu wawili. Alikwenda Njombe kwa wakili kula kiapo kwamba yeye ni yeye. Hati ilipopatikana, dirisha la maombi lilikuwa limefungwa jana yake. Mwaka 2023 alichaguliwa. Mtaani kwake walimpigia vigelegele. Lakini mtumishi haendi masomoni bila barua ya ruhusa, na barua yake ilipita meza nyingi. Alifuatilia kila juma, akisimama kwenye korido na bahasha kifuani. Iliposainiwa, siku kumi na moja zilikuwa zimepita tangu usajili wa chuo ufungwe, na nafasi yake alikuwa amepewa mwingine.

Siku hiyo Hezekia alimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akiwa bado na viatu vya safari.

"Mama Jasmine, kuna mwakani," alimwambia.

"Kila mtu ananipa mwakani," alijibu. "Mimi nataka leo."

Mwaka 2024 hakuomba. Tulidhani amechoka. Ukweli ni kwamba damu ilikuwa imeanza kumtoka isivyo kawaida, na hakumwambia mtu. Muuguzi aliyewapeleka mamia ya wanawake wa Makambako kupima saratani ya mlango wa kizazi alikiahirisha kipimo chake mwenyewe, mwezi baada ya mwezi. Baadaye alimweleza Denis sababu: aliogopa kwamba wakimkuta na ugonjwa, hakuna chuo kitakachomchukua. Alipopimwa hatimaye, Februari 2025, ugonjwa ulikuwa umeshasambaa. Alikwenda Dar es Salaam kwa matibabu ya mionzi, akarudi mwezi wa sita akiwa mwepesi kama kuni kavu.

Mwezi wa saba dirisha la maombi lilifunguliwa. Hezekia alimsihi apumzike mwaka huo mmoja tu. Alimjibu, "Mwaka huu ndio nilio nao." Erica alikuja nyumbani na kompyuta yake, akajaza fomu akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Hii ilikuwa mara ya tano. Mapema Septemba ujumbe uliingia kwenye simu: amechaguliwa shahada ya uuguzi. Majina yalilingana, Fizikia ilikubaliwa, na barua ya ruhusa ilitoka kwa siku nne. Kila mlango uliokuwa umemfungia ulifunguka ndani ya mwezi mmoja.

Ilibaki fomu ya uchunguzi wa afya. Ilipaswa kujazwa na daktari, na Conjesta akaipeleka kwa daktari Methusela, aliyefanya naye kazi miaka minane. Daktari ametuomba tuyaseme yaliyotokea kama yalivyokuwa.

"Swali la mwisho ni kama naweza kumudu masomo," Conjesta alimwambia. "Weka tiki tu pale."

"Sista, mimi ndiye niliyesoma majibu yako."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Mgeni angetaka kunipima."

Daktari alishika kalamu bila kuandika. Ndipo Conjesta alipoinuka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni, mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, mbele ya kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyempokea siku yake ya kwanza kazini na kumwonyesha kabati la dawa lilipo.

"Daktari, nakuomba. Sijawahi kumwomba mtu hivi. Andika kwamba mimi ni mzima."

Daktari Methusela alishuka naye, akakaa chini sakafuni. Kisha akamuuliza, "Ungekuwa wewe umeshika kalamu hii, ungeandika nini?"

Conjesta aliitazama ile kalamu. "Andika ulichokiona," alisema mwishowe.

Daktari aliandika kwamba yuko kwenye matibabu na apewe nafasi ya kusoma kadiri ya nguvu zake. Conjesta aliisoma, akaikunja, akaaga. Jioni alimpigia Denis simu. "Ameandika kweli," alisema. "Angeandika uongo ningemdharau." Halafu Denis akamsikia akilia.

Tarehe 27 Oktoba 2025 Hezekia na Denis walimpeleka chuoni kusajiliwa. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili. Alipanda ngazi kumi na mbili, akakaa. Mkuu wa idara, mama mmoja mpole, alishuka mwenyewe akaketi naye kwenye ngazi, akaisoma ile fomu.

"Mama, nafasi yako hatuichukui," alisema. "Tunaiahirisha. Nenda ukatibiwe, uje Oktoba ijayo."

"Mwalimu, nipe hata majuma mawili. Nitakaa nyuma. Sitamsumbua mtu."

"Kuanzia juma la sita wanaingia wodini. Utaanguka, mama yangu, na wewe unalijua hilo kuliko mimi."

Alilijua. Alisaini fomu ya kuahirisha masomo, na jina likatoka kama limeandikwa na mtoto. Aliomba kitu kimoja tu, ratiba ya vipindi vya mwaka wa kwanza, akapewa nakala.

Nyumbani, Hezekia aliibandika ukutani mkabala na kitanda. Asubuhi kabla hajaenda kwenye matairi yake alimuuliza, "Leo una kipindi gani?" Naye alimsomea: Jumatatu anatomia, Jumanne misingi ya uuguzi. Jasmine alimtafutia masomo kwenye simu na kumsomea. Siku ambazo maumivu yalitulia, alimsahihisha matamshi. Ilikwenda hivyo hadi Krismasi, na Januari. Siku moja mwezi wa pili, Hezekia alipouliza kama kawaida, alimwambia, "Itoe pale, baba Jasmine. Nimekosa vipindi vingi."

Hezekia aliitoa. Baada ya hapo Conjesta aliongea kidogo sana. Mama Hyasinta alikuja kutoka Mlangali kumuuguza, akamwogesha kwa mikono yake. Alipomwambia amshukuru Mungu kwa watoto wengi aliowazalisha, marehemu alijibu, "Namshukuru, mama. Ila yule mmoja bado ananiangalia." Ametukataza kupamba, basi hatutasema kwamba aliondoka ametulia. Alilazwa hospitalini Njombe tarehe 6 Machi, na alifariki Jumatano tarehe 11 Machi 2026, saa tisa alasiri, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili na karibu miezi sita.

Familia inawashukuru wauguzi na madaktari waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa wodi ya wazazi, dada Erica, daktari Methusela, na waumini wa makanisa yote mawili waliokesha nasi.

Conjesta ameacha mama, mume, watoto watatu, na ndugu wanne. Ameacha pia nafasi moja katika mwaka wa kwanza wa shahada ya uuguzi, iliyoandikwa kwa jina lake, inayomsubiri Oktoba. Chuo bado hakijajulishwa. Denis alijitolea kuandika barua hiyo, lakini Hezekia amesema ataiandika mwenyewe, ila si juma hili.

Bwana ampokee dada yetu Conjesta bila kumwambia arudi mwakani, na amlaze kwa amani. Amina.