Ng'ombe wa Msiba Wangu

Bwana asifiwe, ninyi mlionililia! Asifiwe tena, maana naona waliokaa nyuma wameinamisha vichwa. Inueni tu. Mimi ni Tupokigwe, mama Lugano, yule yule mliyemsimamishia turubai hapa Makwale kabla hajafa. Nimekuja kushuhudia, na nitasema yote, hata yanayouma.

Ndugu zangu, nina kisukari cha sindano, huu ni mwaka wa tisa. Mwanzoni sukari ikishuka nilikuwa naijua: natetemeka, jasho linanitoka, nakimbilia chai. Kisha mwili ukaacha kunionya. Naanguka tu kama mgomba uliokatwa. Daktari akaniambia kutoboa kidole asubuhi na jioni hakunitoshi tena, nivae kidude hiki mnachokiona mkononi. Wauzaji wanakiita sensa. Kinaisoma sukari usiku na mchana, na ikianza kushuka simu inapiga kelele. Kinakaa siku kumi na nne, halafu unakitupa, unanunua kingine! Kadi yangu ya bima hailipii. Kinaagizwa Dar, kinakuja na basi, na bei yake siitaji hapa mbele, msije mkaacha kuniombea mkidhani nina hela.

Vya mwanzo nilinunua kwa kakao yangu. Kakao ikaisha. Nikauza mpunga wa akiba, nikauza vitenge vya kuolewa. Mwisho nikaitisha kikao cha ukoo, nikapika wali na samaki. Walikula! Walipomaliza, baba mkubwa Ambakisye, kaka wa marehemu baba yangu, akajifuta mdomo akasema, "Mwanangu, hali ni ngumu mwaka huu. Na hicho kidude, kila wiki mbili? Si umtegemee Mungu tu?" Nikaja kwenu hapa kanisani. Mkaniombea, tena kwa machozi. Nikarudi nyumbani na maombi, mkono mtupu. Niliona uchungu, ndugu zangu, na mpaka leo haujaisha wote.

Sensa ya mwisho ikafa siku ya Jumatatu. Alhamisi nikachoma sindano yangu, nikanywa uji kidogo, nikaenda kupalilia mpunga na wifi yangu Sekela. Nakumbuka jembe lilikuwa zito. Sikumbuki kingine.

Sekela anasema alinikuta nimelala matopeni, wa baridi, sijibu. Akapiga yowe. Simlaumu, nani asingelia? Lakini kabla ya kuniwekea sikio kifuani, alishika simu akawaambia ukoo kwamba Tupokigwe amekufa. Na hapo, ndugu zangu, hali ngumu ikaisha ghafla! Mnajua desturi yetu, ndugu hawezi kwenda msibani kwa marehemu wa damu yake bila ng'ombe. Waliokosa hela ya sensa walipata ng'ombe kabla jua halijafika utosini. Wakaleta na mchele. Wakaleta na turubai!

Simu hizo zikipigwa, mimi nilikuwa bado matopeni. Aliyenitoa ni Mwalimu Zuhura wa shule ya msingi, mgeni kutoka Tanga, Mwislamu, asiye na ndugu hata mmoja hapa. Alisikia yowe, akaja mbio, akasukuma watu. "Huyu anapumua, jamani! Leteni sukari!" Akanisugulia sukari kwenye ufizi kwa kidole chake, akanipakia kwenye bajaji mpaka kituo cha afya, wakanitundikia dripu. Nikafumbua macho. Huyo ndiye mkono ambao Mungu aliutumia. Ndaga fijo, asante sana, Mwalimu! Yuko pale mlangoni, nimemwomba aje, msimtazame kama mgeni.

Jioni ile ile nikarudi nyumbani, kumbe habari kwamba ni mzima hazikunitangulia. Akina mama wanamenya ndizi, wanaimba za msiba. Mmoja aliponiona akaangusha kisu akakimbia. Ng'ombe amefungwa kwenye mparachichi wangu, dume jeusi, limenona. Nikauliza ni wa nani. Baba mkubwa akasema, "Ni wako, mwanangu."

"Kama ni wangu, msimchinje. Muuzeni, mninunulie sensa."

Wakaanza kubishana! Ng'ombe aliyeletwa msibani akirudishwa zizini, wakasema, ataita kifo kingine. Nikawaambia asirudi zizini, aende mnadani. Sikukaa chini mpaka kamba ilipofunguliwa. Baba mkubwa aliifungua kwa mikono yake, analia, na sijui alikuwa anamlilia nani.

Ndugu zangu, mimi naishi kwa nyama ya msiba wangu mwenyewe. Sensa baada ya sensa, dume lile limenilinda. Mara nyingi simu imepiga kelele nikiwa shambani, nikala ndizi, nikaendelea kupalilia. Nani kama Bwana! Mtumainini, nawasihi, hakuniacha matopeni. Lakini msinitume tena kwake mikono mitupu wakati zizi lenu limejaa. Amekwisha kuwapa cha kunipa.

Hii niliyovaa ndiyo ya mwisho kutoka kwa dume lile. Itakufa Jumamosi. Baba mkubwa, najua siku ukinizika utaleta ng'ombe mwingine, tena mkubwa zaidi, na watu watakusifu. Nakuomba umlete Ijumaa. Nitampokea mwenyewe mlangoni.