Kikombe cha Barazani

Ndani ya basi la kutoka Pune, mzee Digambar wa kijijini kwetu alimkazia macho binti aliyeketi kando yake. "Wewe si mtoto wa Kerba, mshona viatu wa pale kijijini?"

"Ndiye mimi, baba. Siku hizi ni mhandisi."

"Hongera. Shamba letu limekauka, na kijana wangu kutwa analala tu. Mtafutie kazi huko mjini, mama."

Kiti cha nyuma yao, nikajifanya nasinzia, ila masikio yangu hayana adabu hiyo.

"Nitamtafutia. Lakini nami tangu utotoni natamani chai ya sebuleni kwenu, siyo ya kile kikombe walichotengewa watu wa tabaka letu, kinachoning'inia barazani."

Mzee aligeukia dirisha mpaka basi liliposimama kijijini. Akachukua mfuko wake, akasema kwa upole kabisa, "Usihofu, mwanangu. Kikombe chenu tumekitunza."