Mwashi wa Lusangi, Mwana wa Kabambare: Maisha ya Théophile Kalonda (1917–1958)

Wazazi wetu, ndugu na majirani, na ninyi mliotoka Kabambare mkiwa mmekalia magunia ya mpunga ndani ya lori: anayewasomea ni Zéphirin, mdogo wake marehemu, mwalimu wa darasa la tatu. Nimeombwa nieleze maisha ya kaka yangu kwa ufupi. Yeye mwenyewe alizoea kusema kwamba walimu hawalijui neno hilo. Nitajitahidi. Lakini kuna jambo moja sitalipunguza, kwa sababu lilikuwa kosa la nyumba yetu, na mmoja wa waliokosea ni mimi.

Théophile Kalonda alizaliwa hapa Lusangi tarehe 12 Machi 1917. Tarehe hiyo aliiandika padre aliyembatiza. Mama yetu, marehemu Cécilia, alijua tu kwamba mpunga ulikuwa unakaribia kuiva, na kwamba baba alikuwa hajarudi kutoka kubeba mizigo ya vita upande wa Tanganyika. Baba aliporudi alimkuta mtoto ana meno. Baada yake tulizaliwa dada yetu Léocadie na mimi.

Mwaka 1927 alipelekwa shule ya misioni kule Kasongo, na mwaka 1931 akaingia kwa mafundi kujifunza uashi. Ukuta wake wa kwanza ulipinda. Fureri, yule mtawa aliyewafundisha, hakumkemea. Alimwambia aubomoe na kuujenga upya, mara nne, mpaka ukanyooka. Tangu siku hiyo kaka hakuweza kupita karibu na ukuta bila kufumba jicho moja na kuupima. Hata kanisani, siku ya ndoa yangu, nilipogeuka kumtazama nilimkuta amefumba jicho. Alimaliza mwaka 1934 akiwa na cheti na mwiko wake mwenyewe wa uashi.

Mwezi wa Septemba 1938, akiwa na kibali cha mtawala na kandarasi ya kampuni moja ya ujenzi, aliondoka kwenda Elisabethville. Mama alimfungia mchele na karanga za kukaanga. Alivuka Lualaba, akapanda garimoshi hadi Kongolo, akapanda meli ya mto hadi Bukama, kisha garimoshi tena. Wengi wenu mnakumbuka barua yake ya kwanza, kwa sababu mama alinitaka niisome tena na tena hadi ikatoboka kwenye mikunjo: “Mama, huku watu wanaamuka na king'ora, hapana na jogoo. Jogoo iko, lakini hakuna mutu anamusikiliza.”

Alijenga nyumba nyingi nzuri mjini. Mwenyewe alisema aliingia kwa mlango wa mbele mpaka siku mlango ulipotiwa. Baada ya hapo alizunguka nyuma. Siku za Jumapili watu wa kwetu Maniema walikutana katika cité, mtaa wa Waafrika, wakapika mchele kwa mawese, wakaimba nyimbo za kwetu, na kila mmoja akajifanya hana hamu ya nyumbani. Marehemu aliijua hamu hiyo. Ila kuandika barua alikuwa mvivu kuliko waashi wote wa Katanga, na uvivu huo ulitugharimu.

Mwaka 1940 alipata mwajiri mwingine, ambaye alimwandikishia kitabu kipya cha kazi. Kile cha zamani aliambiwa akirudishe. Hakukirudisha. Wakati huohuo alifika mjini kijana wa Kabambare aitwaye Alimasi, mwana wa Faradji, rafiki yake tangu siku za soko la Kasongo. Alimasi alinyimwa kibali kwa sababu mashamba ya pamba yalihitaji mikono, naye akatoroka. Bila kitabu hakuna kazi, hakuna posho, na ukikamatwa unarudishwa umefungwa. Kitabu cha zamani hakikuwa na picha. Kaka akampa. Alimasi akaingia kazi katika kambi moja ya madini kwa jina la Théophile Kalonda wa Lusangi. Wote waliona ni akili. Nani kati yetu asingemsaidia ndugu?

Tarehe 3 Februari 1942 Alimasi alifariki kwa nimonia katika hospitali ya kambi. Kaka wakati huo alikuwa amepelekwa na mwajiri wake kujenga huko Jadotville, hakujua. Wenzake wa kambini walifanya kama desturi yetu inavyotaka mtu akifia mbali: walimkata kucha na nywele, wakazifunga katika kitambaa cheupe, wakazikabidhi kwa msafiri wa Kongolo azifikishe kwa wazazi. Msafiri huyo alijua jina lililo kitabuni tu. Akafika hapa Lusangi mwezi wa Juni, na kitambaa na karatasi ya kifo kutoka kambini.

Karatasi niliisoma mimi. Mama aliniambia, “Soma tena.” Nikasoma tena. Léocadie alifungua kitambaa, akazitazama kucha kwa muda mrefu, akasema, “Kucha hizi ni nzima. Kaka yetu kucha yake ililiwa na chokaa. Hii hapana ya mwashi.” Nami, kijana wa miaka ishirini na moja niliyejiona nimesoma, nikamjibu mbele ya watu wote, “Karatasi haidanganyi.” Basi tukalia. Tukakaa matanga. Tukazika kile kitambaa nyuma ya nyumba, katekista akasali, tukasimika msalaba wenye jina la Théophile.  Namwomba Léocadie msamaha leo hadharani, ingawa alishanisamehe na kunicheka.

Kaka aliporudi kutoka Jadotville alielezwa kwamba vitu vya Alimasi vimepelekwa kwao. Akaelewa Kabambare, akamlilia rafiki yake, akaendelea na kazi. Barua mbili alizowapa wasafiri hazikutufikia, na ruhusa za kwenda nyumbani zilifungwa kwa sababu ya vita.

Alirudi tarehe 17 Novemba 1945, mchana, akisukuma baiskeli. Shangazi yetu alimwona wa kwanza, akamrushia majivu, akakimbilia kwenye mihogo. Mimi mwalimu nilimfuata shangazi. Mama peke yake hakukimbia. Alimwekea ugali na sombe ya majani ya mihogo, akasema, “Kula kwanza. Mutu alikufa hawezi kula.” Kaka akala. Alikuwa na njaa ya safari, alimaliza sahani na kuomba nyingine. Mama alitazama kila tonge. Hapo ndipo alipomshika kichwa na kulia, nasi tukatoka kwenye mihogo.

Furaha ile sijaiona tena maishani. Lakini kabla ngoma haijaanza, mama aliinua mkono watu wanyamaze, akauliza, “Na ule tulizika, ni mutoto wa nani?”

Kaka aliinama. Akaeleza yote, habari ya kitabu na ya Alimasi. Mama akasema, “Basi iko mama mwingine anangojea mutoto. Mimi nilipata wangu. Usilale hapa siku mbili.” Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Asubuhi yake kaka alitoka kwenda Kabambare, nami nikamsindikiza.

Mama Hawa, mjane wa Faradji, alitupokea kwa kahawa akidhani tumeleta salamu za mwanawe. Kaka yangu alipiga magoti, jambo ambalo hakulifanya hata mbele ya mtawala. Alisema kila kitu, hakujificha nyuma ya bahati mbaya. Mama Hawa aliweka kikombe chini. Kisha akauliza jambo moja tu: “Walimuombea kwa dini yake?” Ilibidi tumjibu kwamba aliombewa na katekista, kwa msalaba. Hapo ndipo alipolia.

Tulirudi Lusangi pamoja naye na mwalimu wa msikiti wa Kabambare. Msalaba tuliung'oa wenyewe. Mwalimu akasoma dua, katekista wetu akavua kofia na kusimama nyuma yake, na mama yetu Cécilia akamshika mkono mama Hawa tangu mwanzo hadi mwisho. Walipomaliza, mama Hawa alimgeukia kaka na kumwambia mbele yetu: “Ulimupa mutoto wangu jina yako, akakufa nayo. Sikulaumu. Lakini mimi sasa siko na mutu. Wewe utakuwa unakuja.” Kaka akajibu, “Nitakuja, mama.” Maneno mawili hayo ndiyo yaliyoongoza maisha yake yote yaliyobaki.

Tarehe 27 Julai 1946 alifunga ndoa na Apolline katika kanisa la misioni ya Kasongo, na mama Hawa alikaa kiti cha wazazi, shungi lake kichwani, akiuliza kwa sauti padre atamaliza lini. Walirudi Elisabethville wawili. Huko walizaliwa Emilienne, Pacifique, na kijana aliyebatizwa Octave lakini nyumbani haitwi ila Alimasi. Kila alipopata likizo, kaka alifika kwanza Kabambare, kisha ndipo Lusangi. Mama yetu hakuona wivu hata mara moja hadi kifo chake mwaka 1951. Mimi niliona kidogo.

Mwaka 1953 mwajiri alitaka kumfanya msimamizi wa waashi na kumpa nyumba ya matofali yenye umeme na bomba la maji. Mwezi huohuo ilifika habari kwamba miguu ya mama Hawa imeanza kukataa. Kaka hakulala usingizi juma zima, ametuambia Apolline. Alipenda mji ule, msidanganywe. Alipenda mkate wa asubuhi, mpira wa Jumapili, na barabara zenye miti ya jakaranda aliyoiona ikikua. Akaacha yote. Alirudi Desemba mwaka huo, akapata kazi ya ujenzi Kasongo, na kila mwisho wa mwezi akaenda Kabambare kwa baiskeli au kwa lori, hadi akammalizia mama Hawa nyumba yenye kuta zilizonyooka kuliko za ofisi ya mtawala.

Hamu ikageuka upande. Zamani mjini aliililia Lusangi. Sasa akiwa Kasongo aliulilia mji. Saa sita mchana alinyamaza katikati ya mazungumzo na kuinua kichwa, akiusubiri ule mlio wa king'ora. Nikamtania kwamba ameacha masikio yake Katanga. Akacheka, akasema labda ni kweli, ayafuate akistaafu.

Hakuwahi kustaafu. Oktoba 1957 miguu ilianza kuvimba, kisha tumbo. Daktari alisema ni ini. Alilazwa hospitali ya Kasongo mwezi wa Machi. Mama Hawa, ambaye hawezi kutembea hatua ishirini, aliomba apakiwe kwenye lori, akafika, akatandika mkeka kando ya kitanda chake na kukataa kuondoka. Alimlisha uji kwa kijiko miezi mitatu, akimgombeza alipobakiza. Kaka yangu alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 1958, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Ameacha mjane, Apolline. Watoto watatu, Emilienne, Pacifique na Octave Alimasi. Dada yake Léocadie na mdogo wake Zéphirin. Na mama mmoja, Hawa wa Kabambare. Nilipoandika orodha hii jana niliweka jina la mama Hawa miongoni mwa marafiki. Alinisikia nikiisoma, akaniambia nilifute nimuandike panapostahili mzazi. Kisha akasema, nami nimeyaandika kama alivyoyatamka:

“Wa kwanza walizika bila mimi. Huyu, macho yake nilifunga na mukono yangu.”

Kaka Théophile, Mungu akupokee, na upumzike kwa amani.