Marehemu Mansuetus Kapinga na Dhahabu Iliyobaki Lundo

Marehemu Mansuetus Damiano Kapinga alizaliwa Litembo tarehe 14 Machi 1975, mtoto wa tatu wa Mzee Damiano na Mama Kunigunda. Mama yake husimulia kwamba hata kuzaliwa alikawia: mkunga alikwenda kupalilia kahawa, akarudi, yeye bado.

Alisoma Shule ya Msingi Litembo kuanzia 1984 hadi 1990, kisha sekondari Kigonsera, alikohitimu kidato cha nne mwaka 1994. Walimu walimsifu kwa utulivu. Wenzake walimkumbuka kwa kuwa wa mwisho kutoka bwaloni.

Alilima kahawa miaka mingi, hadi mwaka 2009 alipokwenda Chunya kujifunza kuchenjua dhahabu. Mwaka 2013 alirudi kusimamia mtambo mmoja jirani na Mbinga mjini. Kazi yake ilikuwa kuitoa dhahabu kwenye kaboni, yaani punje za mkaa wa vifuu vya nazi zilizoinyonya ndani ya matangi. Alizichemsha kwa maji ya dawa mpaka dhahabu ikaachia, kisha umeme ukaivuta ikaganda kwenye nyuzi za chuma. Wenye mali walimzonga, “Kaka Mansuetus, bado tu?” Naye aliwajibu, “Ukiiharakisha inabaki humo humo. Kanywe chai.”

Mwaka 2003 alimchukua Tadea, binti wa Mzee Ignatio wa Lundo, na mahari alitoa yote. Kanisani ndiko hawakufika. Kwanza kahawa ilikataa. Kisha, alipoingia kwenye dhahabu, aliapa kutomvisha mkewe pete ila ya dhahabu aliyoitoa kwa mikono yake mwenyewe. Kiapo kilikuwa chake, lakini aliyekilipia ni Tadea. Kila Jumapili wenzake wakienda kupokea komunyo, yeye, kwa kukosa ndoa ya kanisani, alibaki kwenye benchi akiwashikia mikoba. “Baba Jastin,” alimwambia mara nyingi, “mimi sitaki kung'aa. Nataka kukomunika.”

Mwaka 2016 mwenye mtambo alimpa nusu gunia la kaboni yenye dhahabu, zawadi ya uaminifu wake. Kwa kuwa mtu wa dhahabu hasemi alichobeba, aliupeleka mzigo Lundo kwa wakwe akasema tu, “Naomba mnitunzie.” Mama mkwe wake, Mama Rosina, alipofungua gunia alimhurumia mkwewe kwa mkaa uliosagika njiani. Akaufinyanga na udongo, akauanika, akaupikia. Marehemu alipoufuata mzigo wake, alikaribishwa samaki magege wa kuchoma, akawasifu sana. Alipouliza gunia, Mama Rosina, ambaye kwa heshima hakusema na mkwe ana kwa ana, alijibu kupitia kwa bintiye: “Tadea, mwambie mumeo mkaa wake ndio uliochoma hao samaki. Una moto mzuri.”

Hakukata tamaa, kwani dhahabu haiungui. Hubaki kwenye majivu. Lakini majivu yote yalikuwa yamemwagwa chooni kukata harufu. Marehemu akaomba jembe. Mzee Ignatio akasimama: “Mkwe afukue choo cha mama mkwe wake? Labda mnizike kwanza!” Adabu ikashinda dhahabu. Vijana mliopo hapa, familia inawaomba msiende Lundo na majembe. Choo kile bado kinatumika.

Mwaka 2024 figo zilianza kumsumbua, na Mei 2025 alilazwa hospitali ya Litembo. Tadea aliogopa kumpoteza kabla hawajafunga ndoa. Akamwambia, “Kiapo chako kitanizeesha kwenye benchi.” Marehemu alilia, akasema padre aitwe. Mama Rosina akavua pete yake ya ndoa kwa sabuni ya muuguzi. Marehemu akaielekeza dirishani, akaikwaruza kwa ukucha, akamnong'oneza mkewe, “Hii shaba.” Mzee Ignatio, aliyeapa maisha yake yote kuwa ni dhahabu, akatoka nje kukohoa. Tadea akanyoosha kidole. “Nivishe.”

Akamvisha mbele ya padre, tarehe 31 Mei 2025, na wote wawili wakapokea. Tadea alifurahi mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakapiga vigelegele.

Mansuetus alifariki tarehe 9 Juni 2025, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Ameacha mama yake, Kunigunda. Watoto watatu, Jastin, Violet na Augustino. Wakwe zake wa Lundo. Na Tadea, mke wake wa ndoa. Tunamwomba Mungu ampokee na kumpumzisha kwa amani. Nanyi mliokaa benchi moja na Tadea, wakati wa komunyo mpisheni atangulie.