Nukta Kubwa ya Mtaa

Benchi lenyewe ni ubao tu juu ya matofali, mbele ya kibanda cha Fundi Viatu, lakini wanaolikalia hujiona bunge. Asubuhi hiyo walikuwa wakipimana ukubwa. Idara ya maji ilikuwa ikitafuta mtu mmoja mtaani, yule ambaye akiambiwa yeye, wote wamejua. Fundi alimwombea Admini, msimamizi wa kundi la mtaa la simu, apate nafasi hiyo, maana alishamwambia mkewe asihangaike kujaza mapipa: maji yakitaka kukatika, rafiki yake atamtonya kabla ya watu wote.

— Kundi langu lina watu mia nne na kumi na mbili, — Admini alisema, simu juu. — Nani mwingine?

— Mia nne wa kutumiana picha za maua! — Profesa alicheka. Huyu hajawahi kufundisha hata kuku. Alikuwa amechora mtaa mzima kwenye boksi la viatu: kila mtu nukta, na kati ya wanaoongea, mstari. — Hesabuni mistari. Yangu ishirini na saba.

— Si umejichora mwenyewe, tena kwa kalamu nyekundu! — Admini akamkata.

— Mistari si kitu, — Kinyozi akadakia. — Mzito ni anayejuana na wazito. Mimi namnyoa shemeji yake diwani.

— Basi mzito ni wembe wako!

Fundi akagonga msumari. — Mng'oeni mtu mmoja mmoja kwenye mchoro, tuone mtaa unakatikia wapi.

— Mkining'oa mimi, nchi inazima, — Admini akasema, wala hakutania.

Bi Kahawa, muuza kahawa wa pale, aliwajazia vikombe. Kwenye boksi hakuwa na nukta.

Akatokea dada mmoja na faili la idara ya maji.

— Samahani, jamani. Bomba lilipasuka jana, leo tumefunga maji kwa siku tatu. Tangazo hata halijatoka, lakini kila nyumba niliyopita imejaza ndoo. Nani aliwaambia?

Admini akapekua simu. Profesa akageuza boksi.

— Mafundi wenu wanakunywa kwangu, — Bi Kahawa akasema. — Nilipita mlango kwa mlango jana. Na hawa niliwaambia. Wakanijibu nipunguze domo, niongeze sukari.

Fundi akayaona akilini mapipa yake makavu nyumbani, na mke wake amesimama kando ya mapipa hayo. Akanyoosha kikombe.

— Kahawa imekwisha, — Bi Kahawa akasema.

— Basi chemsha nyingine, mama.

— Kwa maji ya nani, mwanangu? Yako?