Balbir Anastaafu, Sagal Anashika Duka

Mheshimiwa Diwani Paramjit, uliyefika kabla ya chakula na kwa hiyo tunakuamini. Shehe wetu na Gyani wetu wa hekalu la Kalasinga, mliokaa meza moja na hamjagombana bado. Ndugu wageni waalikwa. Akina mama wa mtaa wetu wa Saltley, ambao bila nyinyi duka la vitambaa tunalolikabidhi leo lingekuwa stoo ya nondo wala nguo. Na wewe Bwana Balbir Singh, Kalasinga wetu wa Nakuru, unayestaafu huku umekaza uso kama mtu anayesubiri kung'olewa jino: hamjambo nyote!

Nimeambiwa niseme kwa dakika tano. Aliyeniambia hanijui.

Mimi Mselem, tangu kiwanda cha magari kifungwe, kazi yangu imekuwa kusimama mlangoni pa duka la Balbir, Alum Rock Road, na kuwaita wapita njia. "Karibu mama, hariri hii, kuangalia bure, hata bwana hatajua!" Hiyo ndiyo iliyokuwa idara nzima ya matangazo. Mvua ikinyesha, idara iliingia ndani kunywa chai.

Kisha akaja Sagal. Binti huyu kalelewa Eastleigh ya Nairobi, kapitia Uholanzi, na leo ndiye anayekabidhiwa duka. Juma lake la kwanza alisimamisha simu juu ya mkebe wa majani ya chai, akaanza kuuza vitambaa kwa laivu ya Facebook. Nilimcheka. Nikamwambia, "Binti yangu, mwanamke gani atanunua kitambaa ambacho hajakifikicha, hajakivuta, hajakitukana kwanza ili kishuke bei?"

Akanijibu, "Mzee Mselem, wewe unaita barabara moja. Mimi naita Leicester."

Na Leicester ikaitika! Ikaitika na Bristol, miji ya mbali hiyo. Mimi sauti yangu haijawahi kuvuka zile taa za barabarani. Je, nilifurahi? Nilinuna, ndugu zangu. Lakini nilipoona mama aliyejifungua juzi ananunua akiwa kitandani, na bibi asiyeweza ngazi anachagua khanga kwa kidole kimoja, nikajiambia, Mselem, nuna kimyakimya.

Sasa sikilizeni. Sote tunaijua desturi ya sare. Mama wa bibi harusi akishachagua kitambaa cha jamaa zake, kitambaa hicho hufichwa, asivae mwingine kabla ya siku yenyewe. Balbir alikuwa na namna yake ya kuficha: jora la harusi alilifunga uzi mwekundu, akanyamaza. Hakumwambia mtu. Hata mkewe alidhani mumewe anapenda nyuzi tu.

Mwaka jana Mama Fardowsa alichagua jora la kijani kwa harusi ya bintiye. Akachukua vipande vyake, na jora lililobaki likafungwa uzi mpaka harusi ipite. Balbir akaenda zake hospitali kuangaliwa macho. Sagal yuko laivu. Mama mmoja akaandika, "Na hilo la kijani nyuma yako, je?" Sagal akageuka, akauona uzi, akadhani pambo. Akalikunjua jora mbele ya dunia nzima, na jioni hapakuwa na hata kipande cha kufutia miwani.

Siku ya harusi ukumbi ule wa Washwood Heath ulikuwa kijani kama uwanja wa mpira. Wageni waalikwa wa Leicester, waliovaa kijani cha Sagal, wakadhaniwa jamaa, wakakalishwa mbele, wakaletewa nyama ya kwanza. Shangazi wa bibi harusi, aliyepanda ndege kutoka Nairobi na hakuwahi kushona sare, akaambiwa, "Mama, wageni kule nyuma." Nilicheka? Nilicheka. Mama Fardowsa hakucheka.

Alirekodi ujumbe wa sauti, ukaingia kila kundi la WhatsApp kuanzia Lozells hadi kwetu. Kisomali changu ni cha salamu tu, lakini ule niliuelewa wote. Kuanzia hapo niliita mlangoni mpaka koo likakauka, na akina mama wakawa wanapita ng'ambo ya barabara wakitazama mawingu. Wasomi wanasema mitandao imeua matangazo ya mdomo. Uongo mtupu! Mdomo wa mama mmoja ndio uliotufunga. Simu iliubeba tu.

Sagal akasema anaondoka. Balbir akawa tayari kumwachia duka muuza makava ya simu. Halafu asubuhi moja huyu bwana, anayeikimbia hata kamera ya pasipoti, akanyoosha kilemba na kumwambia Sagal, "Washa hiyo kitu." Akasema, "Mama Fardowsa, hii makosa si ya huyu mtoto. Mimi nilificha siri mpaka nikaificha hata kwa mwenye kuitunza. Nikasirikie mimi."

Wengi walitazama, wachache wakarudi. Na Mama Fardowsa? Tulimtumia video ile kwa WhatsApp: tiki mbili za buluu. Kaona, na dukani hakuja.

Mheshimiwa Diwani, simu inajua kuonyesha. Kuficha lazima mtu afundishwe. Mwaka huu Balbir amemfundisha Sagal nani ana harusi, nani hasemi na wifi yake, nani asionyeshwe alichonunua jirani. Sagal naye amemfundisha mzee kusema kinachomkaa moyoni. Nani kati yao alikuwa na mwanafunzi mgumu zaidi? Mtazameni Balbir, mtajua.

Leo Sagal anapewa funguo. Lakini funguo hufungua mlango tu. Akina mama wa Saltley wanamsubiri mtu mmoja, na mtu huyo yuko meza ya tatu, anajifanya kupanga vijiko. Mama Fardowsa, nakuona. Hukufuata pilau, maana hujaigusa. Sema neno mbele ya watu, hata la kunitukana mimi, nimezoea.

Eti nini? Msogezeeni kipaza sauti. Hakitaki. Tulieni, jamani... Anasema binti yake wa pili anaolewa baada ya Idi. Anamwambia Sagal anataka lile la zambarau, jora zima, na akiliona kwa mtu kabla ya siku hiyo, atakuja dukani yeye mwenyewe, bila simu.

Sagal, mwanangu, usilie. Mteja anasubiri. Mjibu!

Balbir, pumzika vyema, rafiki yangu. Na nyinyi nyote mlionitegea sikio, ahsanteni sana. Mkiulizwa huko nje, semeni Mselem aliongea mengi, lakini rangi ya sare hakutaja.