Mwanarusi Suleiman na Injini Iliyopanda Bila Kunguruma

Assalaam alaykum, wasikilizaji wapendwa, na salamu kwa kila aliye karibu na redio, kutoka Waa hadi Lunga Lunga. Ukiwa na kazi mkononi, endelea nayo, ila sikio nipe mimi. Leo tunamkumbuka Mwanarusi Suleiman, fundi wa injini wa Msambweni. Alifariki wiki iliyopita, baada ya kuugua figo kwa muda mrefu. Tukamzika palepale Msambweni, Ijumaa, baada ya sala. Mwanarusi Suleiman, fundi wa injini. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Fauzia.

Kazi aliirithi kwa babake, aliyekuwa akitengeneza jenereta za mahoteli ya Diani. Mume wake ni Abdulwahab, dereva wa watalii, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Abdulwahab alipenda mashindano ya magari. Basi wakanunua gari dogo jekundu, la silinda nne, na Mwanarusi akalifungia bloa.

Wasikilizaji wapendwa, bloa ni nini? Nitawaeleza kama alivyonieleza mwenyewe. Bloa ni pampu. Inazungushwa na mkanda wa injini, nayo inasukuma hewa nyingi ndani, hata gari dogo likapata nguvu za gari kubwa. Halafu kuna kemshafti. Hicho ni chuma kirefu chenye vinundu. Kikizunguka, vinundu vile hufungua na kufunga vali, yaani vile vilango vya kupitisha hewa. Bloa na kemshafti lazima zipatane. Zisipopatana, injini inaumia.

Kulikuwa na mashindano ya kupanda mlima, upande wa Kinango, kwenye barabara ya udongo mwekundu. Kila gari linapanda peke yake, na saa ndiyo inayoamua. Abdulwahab alitaka kemshafti kali ya mashindano. Alitaka pia puli ndogo, lile gurudumu la bloa linalopitiwa na mkanda, ili bloa izunguke kwa kasi zaidi.

Mwanarusi akamwambia, "Baba Fauzia, kemshafti hiyo haifai kwenye injini yenye bloa."

"Wenzangu wote wanayo."

"Wenzako hawana bloa. Sitaifunga, na hiyo puli sitaifunga."

Akaingia ndani kuswali alasiri. Mazungumzo yakaishia hapo.

Siku chache baadaye Mwanarusi alikwenda Wasini, kwenye arusi ya binamu yake. Huku nyuma Abdulwahab akalipeleka gari Ukunda, kwa rafiki yake aitwaye Tembo, fundi pia. Wakafunga kemshafti kali. Wakafunga na puli ndogo.

Siku ya mashindano gari lilinguruma hadi watu wakaziba masikio. Lilianza vizuri. Lilipofika kwenye kona ya juu, injini ikapiga mlio mkavu, ikatoa moshi, ikazimika. Gari likaanza kurudi nyuma, kuelekea korongoni. Lilizuiwa na mwamba. Abdulwahab akatolewa akiwa hai, lakini bega limevunjika. Wasikilizaji wapendwa, kama si mwamba ule, leo tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Fauzia, binti yao wa pekee, ananiambia alitarajia nyumba kuwaka moto. "Nilijua mama atasema maneno ambayo hayarudi," anasema. "Hakusema. Alikaa na baba hospitalini, akimlisha uji. Aliporudi nyumbani akavaa nguo zake za kazi, akaifungua ile injini."

Aliifungua mchana, mbele ya gereji, mume wake ameketi kando na mkono umefungwa kitambaa shingoni. Tembo naye alikuja.

"Shemeji, nimekuja kuomba radhi," akasema.

"Nimekusamehe. Lakini usiondoke. Keti utazame."

Akatoa pistoni, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, akamwekea mume wake kiganjani. Ilikuwa imetoboka katikati. Kisha akaagiza iletwe pampu ya baiskeli. Akamwambia Tembo apige kwa kasi, halafu aishike chini.

"Ina moto," Tembo akasema.

"Ndiyo. Hewa ikibanwa kwa haraka hupata moto. Puli ndogo ilifanya bloa yetu izunguke kupita uwezo wake, ikapeleka moto ndani, moto ulioitoboa pistoni hiyo. Na ile kemshafti inaacha vali za kuingiza hewa na za kutoa moshi wazi kwa pamoja. Kwa injini ya kawaida iendayo mbio, hilo lina faida. Kwa yenye bloa, hewa unayoisukuma inaingia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma."

Abdulwahab akauliza kwa sauti ndogo, "Mbona hukuniambia haya?"

Hapo ndipo Mwanarusi aliposema maneno ambayo Fauzia hajayasahau. Alisema, "Kosa lako ulilifanya, nami nina langu. Nilijua haya yote, nikakukataza tu. Mtu akikatazwa bila kuelezwa, ataondoka akajaribu mwenyewe."

Wakaanza upya, wote watatu. Safari hii Mwanarusi alichagua kemshafti ya upole, ambayo vali zake hazikai wazi pamoja kwa muda mrefu. Akatafuta bloa kubwa zaidi, kutoka kwa gari lililogongwa, akaifungia puli kubwa. Bloa kubwa ikizunguka polepole, hewa ni ileile, moto ni mdogo. Kila chuma alichokitia, alieleza sababu yake kwanza. Abdulwahab akimwelewa, anaendelea. Asipomwelewa, anarudia.

Walilijaribu kwenye mpando wa kutoka Kombani kwenda Kwale. Halikunguruma. Vijana wa hapo Kombani wakacheka, wakasema linalia kama cherehani. Lakini lilipanda, likapanda, wala halikuchoka.

Mashindano yakarudi. Bega la Abdulwahab lilikuwa halijapata nguvu ya kushika usukani. Akamwambia mke wake, "Shika wewe."

"Mimi ni fundi. Si dereva wa mashindano."

"Mama Fauzia, kona ile naijua. Nitakueleza yote, kama ulivyonieleza wewe."

Wakati ule Mwanarusi alikuwa ameshaanza kwenda kliniki kwa ajili ya figo. Alikwenda hivyohivyo. Akavaa helmeti juu ya mtandio. Abdulwahab akasimama kwenye kona ileile gari lilipomzimikia.

"Nilisikia gari linakuja," aliniambia juzi, kwenye mkeka wa matanga. "Sauti yake ilikuwa moja tu, haipandi, haishuki. Likapita kwenye kona. Nikakaa chini, nikalia."

Mwanarusi Suleiman alishika nafasi ya pili. Nyuma yake kulikuwa na magari yenye injini kubwa mara mbili ya yake.

Baada ya hapo gereji yake ikawa kama darasa. Judy, dereva wa teksi wa Diani, alikwenda kutaka bloa. "Akaniuliza gari langu hubeba nini. Nikasema wageni na mizigo. Akanijibu, mwanangu, wewe huhitaji bloa, wewe unahitaji breki. Kisha akanionyesha kwa nini."

Ijumaa ile, siku ya maziko, niliona jambo ambalo sijaliona maishani mwangu. Madereva walikuja wengi. Walipokaribia nyumba ya msiba walisikia Kurani ikisomwa. Wakazima injini zao, mmoja baada ya mwingine, wakashuka, wakayasukuma magari kwa mikono hadi yote yakapita.

Kwa Abdulwahab, kwa Fauzia ambaye sasa anaisimamia gereji, kwa Tembo na jamaa wote wa Msambweni na Wasini, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu, alipanulie nafasi kaburi lake, nanyi awape subira.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize. Leo hii, nyumbani mwako au kazini, kuna mtu uliyemwambia hapana, ukageuka ukaenda zako. Huenda hapana yako ni ya haki. Mrudie. Keti naye. Mweleze.